BATA YUPI MTAMU? TUULIZE KWANZA AMEKULA NINI



Anayejua kusoma asimame hapa amsomee na mwenzake asiyejua, kwa sababu habari hii inahusu sufuria ya kila nyumba.

Tangu mvua zijaze mabwawa pamekuwa na ubishi mkubwa hapa kijijini. Unasikika dukani kwa ushirika, unasikika mashineni, na kilabuni ndiyo usiseme. Ubishi wenyewe ni huu: katika bata wa porini, yupi mtamu kuliko wote? Wapo wanaoapa kwamba ni yule anayepiga mluzi. Wapo wa bukini. Wapo wanaosema bata wote wa mwituni wananuka tope, afadhali jogoo wako wa nyumbani. Na wapo wazee wetu wanaotushangaa sote, maana wao hawakulelewa kula ndege wa majini. Hao hatuwabishii. Kila mtu na mdomo wake.

Sisi tunaoandika bango hili tumesikiliza pande zote. Tumewauliza waliopata kuwinda kwa kibali, tumewauliza akina mama wanaopika, tukalinganisha maneno yao. Msimamo wetu ni huu: utamu wa bata hauko katika jina lake wala katika manyoya yake. Uko katika chakula alichokula na maji aliyokaa. Na mtu akishakubali hilo, basi lipo swali kubwa kuliko la utamu, nalo tutalifikia.

Kwanza tuwekane sawa juu ya sheria. Bata wa mwituni ni mnyamapori kama swala. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kuwinda. Kwa hiyo asije mtu akasema bango la ushirika limemruhusu kwenda bwawani na manati. Hatujaruhusu.

Sasa tuje kwenye bata wenyewe.

Wa kwanza ni bata wa mluzi, yule mwenye uso mweupe na shingo nyeusi, wanaopita usiku juu ya mapaa yetu wakipiga mluzi wa sauti tatu. Huyu ni mdogo, hafiki kilo moja. Chakula chake kikubwa ni mbegu za majani, mbegu za yungiyungi, na nafaka akiipata. Ndiyo maana nyama yake ni laini na haina harufu. Wengi tuliowauliza wamempa nafasi ya kwanza, na sisi hatuna sababu ya kuwapinga.

Wa pili ni bata wa nundu. Dume lake lina nundu nyeusi juu ya mdomo, mgongo unang'aa kama mafuta ya taa juu ya maji, na tumbo jeupe. Dume ni kubwa, jike ni dogo sana, mpaka mgeni hudhani ni ndege wawili tofauti. Naye ni mla mbegu na nafaka. Nyama yake inashiba na mchuzi wake ni mzito. Waliompa nafasi ya kwanza wanasema wa mluzi ni mtamu lakini anaisha kabla ugali haujaisha. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa nyumba yenye watoto saba.

Wa tatu ni bukini wa Misri, yule wa kahawia mwenye doa jicho zima, anayepiga kelele asubuhi kama mtu aliyeibiwa. Huyu hula majani machanga na nafaka zilizomwagika shambani. Wenzetu wa upande wa Basotu wanamjua vizuri, kwa sababu ya mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa huko kwa msaada wa Kanada, ambayo miaka ya 1970 na 1980 yaliendeshwa na shirika la umma. Akishiba mabaki ya ngano hunenepa. Lakini nyama yake ni nyekundu na kavu. Kijana wake ni mzuri. Mzee wake utamaliza mzigo wa kuni, na bado meno yatakuuma.

Wa nne ni wale wa mdomo njano na wa mdomo mwekundu. Hapa ndugu zetu tusikilizane vizuri, kwa sababu hawa ndio mashahidi wetu wakubwa. Bata wa mdomo mwekundu hula mbegu, na pia hula wadudu na konokono, kulingana na mahali alipo. Waliomla akitoka kwenye maji baridi yenye majani, kama Basotu au Tlawi, wanamsifu. Waliomla akitoka kwenye maji ya chumvi, kama Balangida chini ya mlima Hanang, wanasema ana harufu ya tope na magadi. Bata ni yule yule, mdomo ule ule, lakini mchuzi ni tofauti kabisa. Sasa nani mwongo hapo? Hakuna mwongo. Kila mmoja alikuwa anaonja ziwa lake.

Wa tano ni wale wanaochuja tope na maji ya chumvi wakitafuta viluwiluwi vya nzi na vidudu vingine. Yumo bata mdogo wa kijivu wa maziwa ya magadi mwenye mdomo wa waridi, na yumo mgeni mwenye mdomo mpana kama kijiko, anayekuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, akafika kwetu miezi ya Oktoba au Novemba na kuondoka Machi au Aprili. Hawa ndio waliowapa bata wote sifa mbaya. Ana mafuta yenye shombo kama samaki. Na yupo mmoja wa kuzamia, mwekundu wa udongo, dume lake lina mdomo wa buluu na mkia uliosimama. Huyo naye anakula vidudu vya chini ya maji. Tena anazidi kupungua duniani. Mkimwona mwacheni kabisa, hana nyama ya kugombania.

Wa sita ni bukini mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa. Ndiye mkubwa kuliko bata na bukini wote wa Afrika, dume laweza kupita kilo sita. Vijana wakimwona wanaona karamu. Sisi tunasema ngoja. Licha ya kwamba mzee wake ni mgumu kama soli ya kandambili, huyu ana jambo lingine. Mnawajua wale mbawakawa weusi wenye mabaka ya njano au mekundu wanaokula maua ya maharage na kunde? Ukimminya anatoa maji yanayobabua ngozi. Maji hayo yana sumu iitwayo kantharidini. Miligramu 10 tu zimetajwa kuwa zinaweza kumwua mtu, na kupika hakuiondoi. Huko Gambia imeonekana kwamba bukini huyu akila mbawakawa wa namna hiyo, yeye mwenyewe hadhuriki, lakini nyama yake inakuwa na sumu. Hatusemi kila bukini wa mwiba ana sumu. Tunasema hakuna mpishi awezaye kumtazama akajua.

Hapo ndugu zetu ndipo ubishi wa kilabuni unapogeuka kuwa jambo la maana. Mambo haya si mageni kwetu wafugaji na wakulima. Ng'ombe akila majani yenye harufu kali, maziwa yanachukua harufu hiyo. Asali ya maua haya si sawa na asali ya maua yale. Kinachoingia kwa mnyama ndicho tunachokula sisi. Basi na kama kilichoingia ni sumu ya binadamu, je?

Tunasema wazi bila kuzunguka. Zimesikika habari, katika vijiji vya wilaya hizi zetu mbili, za watu wanaochanganya mahindi au mtama na dawa ya kuulia wadudu, wakamwaga kando ya bwawa jioni, alfajiri wakaokota bata na kanga waliolala. Wanawatoa matumbo upesi, wanawanyonyoa, wanauza kwa bei rahisi. Mnunuzi anafurahi, nyama haina tundu la risasi wala jeraha la mtego. Hebu tujiulize: ndege mzima, asiye na jeraha, amekufa kwa nini?

Jambo hili limekwisha kutokea kwa majirani. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, kwenye mashamba ya mpunga karibu na Ziwa Victoria, watafiti walieleza miaka ya 2009 na kuendelea jinsi watu walivyotega ndege wa majini kwa mpunga na konokono waliotiwa dawa ya kabofurani, kisha wakawauza kwa watu wale. Katika ndege hao walikuwamo bata wa mluzi na wa nundu, hao hao tunaowapa nafasi ya kwanza na ya pili. Dawa hiyo inashika mishipa ya fahamu: kichwa, kutapika, kutoka mate, jasho, kutetemeka, pumzi kukata. Mtoto mdogo ndiye anayeshindwa kwanza, maana mwili wake ni mdogo na sumu ni ile ile. Na anayesema kwamba akitoa matumbo sumu imekwisha, anajidanganya. Sumu huingia kwenye damu, damu huingia kwenye nyama.

Kuna pia ndege wanaokufa wenyewe kwa ugonjwa. Mwezi Januari 2017 huko Uganda, ndege wa majini walikufa kando ya Ziwa Victoria kwa mafua ya ndege, na bata na kuku wa kufugwa nao wakapatikana na ugonjwa huo. Kwa hiyo bata aliyeokotwa amekufa asiletwe nyumbani hata kwa mbwa. Aachwe bila kushikwa kwa mkono mtupu, na bwana mifugo apewe habari.

Tena tusiwatazame wategaji peke yao. Sisi wakulima tunaoosha mabomba ya kupulizia dawa bwawani, tunadhani dawa inakwenda wapi? Inakwenda kwa konokono, konokono anakwenda kwa bata, bata anakuja mezani. Na maji yale yale ng'ombe wanakunywa na mama anachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za maji. Wangapi kati yetu mahindi yao yamefika mpaka kwenye matete? Ukifyeka matete umeondoa mbegu. Ukiondoa mbegu, bata wa mluzi anahama. Anayebaki ni yule wa tope. Halafu tunarudi kilabuni kulalamika kwamba bata wa siku hizi hawana utamu!

Wazee wetu waliohudhuria vikundi vya redio wakati wa Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975 wanakumbuka kwamba mambo ya kula yalijadiliwa hadharani, watu wakaulizana, wakaamua, wakatenda. Nasi tufanye hivyo. Tunaomba haya yafikishwe kwenye mkutano wa kijiji:

1. Asinunue mtu ndege wa mwituni bila kujua ameuawaje na nani, na kama muuzaji ana kibali. Muuzaji akianza kugugumia, ondoka.

2. Anayetega kwa sumu atajwe kwa serikali ya kijiji. Huo si umbea, ni kuokoa watoto.

3. Mabomba ya dawa yaoshwe shambani, mbali na maji. Makopo matupu ya dawa yasichotewe maji wala kuwekewa maziwa, hata yakioshwa mara kumi.

4. Matete yaachwe. Mita 60 zipimwe kwa kamba mbele ya wote, kuanzia shamba la kiongozi.

5. Mwenye hamu ya bata afuge. Bata wa kufugwa hana masharti makubwa. Na kwa kuwa utamu ni chakula, siku kumi na nne kabla ya kumchinja mfungie, mpe mahindi na pumba na maji safi, asizurure kwenye matope. Ukimchinja, toa kile kitezi cha mafuta kilicho juu ya mkia, ndicho chenye harufu. Kaanga na vitunguu na nyanya, kisha chemsha taratibu mpaka alainike. Atampita bukini mzee kwa mbali.

Basi, yupi mtamu? Kwa wanaotaka jibu moja tu wakalipeleke kilabuni, tunawapa: wa mluzi kwa ulaini, wa nundu kwa kushibisha, na wa nyumbani aliyelishwa vizuri kwa usalama. Sisi tukiambiwa tuchague mmoja, tunamchagua huyo wa nyumbani, kwa sababu tunajua amekula nini.

Mwenye maoni tofauti aandike karatasi ailete ofisini kabla ya siku ya mnada, nasi tutaibandika hapa hapa.