Mizani ya Haki katika Tiba ya Uzazi

Ndugu zetu wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe wayajua mahindi kuliko sisi. Mtu akipanda mbegu moja katika shamba lenye rutuba huko Mbozi, na nyingine akaipanda penye changarawe, kisha akatangaza kuwa ile ya kwanza ndiyo bora, hata mtoto atamwambia: "Umepima ardhi, hukupima mbegu."

Lakini katika kutafuta mtoto twahadaika kwa hesabu kama hiyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 katika kila 6 hupatwa na shida ya uzazi maishani mwake. Wengi huuza ng'ombe na kiwanja, wakasafiri hadi Mbeya au Dar es Salaam, kwa kusikia tu kwamba tiba fulani yafaulu zaidi.

Tuseme hospitali moja ilitibu wake 100, wakazaa 40. Ya pili ikatibu 100, wakazaa 20. Je, ya kwanza ni bora? Huenda ilipokea wenye miaka 28, na ya pili wenye miaka 40. Na umri wa mke hupunguza sana mafanikio. Kwa hiyo wataalamu humtafutia kila mke wa upande huu mwenziwe wa upande wa pili, aliyelingana naye kwa umri, miaka ya kungoja, chanzo cha ugumba na afya ya mume. Asiye na mwenziwe huwekwa kando, ndipo hulinganisha. Rosenbaum na Rubin waliiwekea njia hii kanuni mashuhuri ya hesabu mwaka 1983. Hata hivyo, yasiyoandikwa hayalinganishiki; ndiyo maana jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa kura lina nguvu zaidi.

Basi kabla ya kutoa fedha, mume na mke waulize pamoja: Waliotibiwa walikuwa na umri gani? Wamehesabiwa wote walioanza, au waliomaliza tu? Ni mimba, au watoto waliozaliwa hai? Na mume naye apimwe. Ni dhuluma kumlaumu mke, sembuse kumwacha, kabla ya kujua kasoro iko wapi. Wala wasisahau mpaka wa sheria: Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mbegu za mume na mke walio katika ndoa, likakataza mtu wa tatu.

Sura ya Al-Mutaffifin yawakemea wapunjao vipimo, nasi twaona onyo hilo halikomi sokoni. Mtoto ni tunu ya Mwenyezi Mungu. Yatupasa kumtafuta kwa mizani iliyo sawa. Mola awaruzuku wanaongoja, na awape subira njema. Amin.