Kujikwaa kwa Ulimi na Maradhi ya Mgongo

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliikumbuka methali hiyo mwaka jana pale Emali, kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Mjomba wangu, mpakizi wa magunia ya ndengu, alirudi kutoka zahanati na kauli moja tu: "Diski yako imeteleza." Yeye alielewa kuwa mfupa umehama. Akajilaza majuma matano bila kipato, kisha akatafuta mkandaji wa kuurudisha.

Ilhali hakuna mfupa uliohama. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo mna kisahani cha gegedu, ndicho hiyo diski. Nje ni pete ngumu. Ndani ni ute mzito unaopunguza kishindo. Umri na mizigo huichosha pete. Ikipasuka, ute hujitokeza na huweza kuibana neva, maumivu yakashuka pajani hadi unyayoni. Aghalabu ute huo hunywea wenyewe, na wagonjwa wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kutembea. Kulala mno hudhoofisha misuli. Upasuaji huwafaa wachache. Hata hivyo, mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, sharti akimbizwe hospitalini siku iyo hiyo.

Maelezo haya hayakuhitaji lugha ya kigeni. Pingili yenyewe kila mla muwa anaijua. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya. Haki hiyo ina maana gani iwapo mgonjwa haelewi anachoambiwa?

Wapo watakaodai kuwa hiyo ni kazi ya matabibu. Sikubaliani nao. Tabibu anaujua ugonjwa. Sisi tunajua neno litakavyopokewa. Tunaandika tasnifu kuhusu sitiari za washairi, huku tukiipuuza sitiari moja inayowalaza watu vitandani. Chama chetu na kishirikiane na wanafunzi wa udaktari, tuandike maelezo ya ukurasa mmoja, na wahakiki wetu wa kwanza wawe wapakizi wa Emali.