Vilele Vilitabiriwa Kabla ya Kuonekana
Wanaodai kuwa wanafizikia waliona kwanza vilele vya mnururisho wa kale wa ulimwengu, kisha wakabuni nadharia ya kuvieleza, wamepindua kalenda. Wanafizikia Peebles na Yu, nchini Marekani, walichapisha hesabu ya vilele hivyo mwaka 1970. Mwaka huohuo Sunyaev na Zeldovich wa Muungano wa Kisovieti walifikia jambo lilelile. Puto la BOOMERanG, lililopima mnururisho huo, lilirushwa Antaktika mwishoni mwa 1998. Nani basi alimfuata nani?

Tena hesabu yenyewe ilijiweka hatarini. Gesi ya moto ya ulimwengu mchanga ilibanwa na uvutano, ikasukumwa na shinikizo la mwanga, ikatetema kwa mawimbi ya sauti kwa takriban miaka 380,000; mawimbi hayo ndiyo chanzo cha vilele. Kwa ulimwengu bapa, kilele cha kwanza kilipaswa kuonekana kwenye upana wa karibu digrii moja angani.

Kilionekana hapohapo.