TUSIUZE JEMBE LA BABU

Apitaye katika nyanda za juu za Ufipa huona hata leo minara ya udongo iliyo mirefu kupita kimo cha mtu, mingine imebomoka, mingine imezungukwa na nyasi. Wafipa huiita malungu. Hayo ndiyo matanuri ya chuma ya mababu zao. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa ndani, hewa ikaingia yenyewe kwa mirija iliyowekwa chini. Kisha chuma kilisafishwa kwa mivukuto katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akafua jembe. Kwa jembe hilo mkulima alifukia nyasi katika matuta ya mviringo, ntumba, nazo zikaoza zikawa mbolea.

Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe rahisi ya ng'ambo yalipojaa madukani. Mtawala akasema kwamba Mwafrika hakuwa na ufundi. Malungu yanamkanusha mpaka leo.

Iringa waligeuza boma la Wajerumani kuwa makumbusho mwaka 2016. Wasukuma wana makumbusho yao Bujora, karibu na Mwanza. Rukwa nayo yastahili nyumba ya namna hiyo pale Sumbawanga, kwani mtoto wa Ufipa hawezi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kutazama vyombo vya bibi yake.

Lakini nyumba peke yake haitoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtungi usiojulikana jina lake la Kifipa, wala kama ulitiwa maji au pombe, ni kigae kilichochelewa kuvunjika. Waliopata riziki yao kwa malungu wamekwisha kufa. Waliosimuliwa nao ni wazee.

Basi twawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi, waandike jina la kila chombo, aliyekifanya na kazi yake. Mwenye chombo aombwe, asinyang'anywe, na jina lake liandikwe. Malungu yaachwe mahali pake na kulindwa. Na wewe ndugu msomaji, kabla hujampa mnunuzi wa vyuma chakavu jembe lililo darini, muulize kwanza babu yako lilifuliwa na nani. Huenda mwakani hayupo wa kukujibu.