Kiliba: utamu umekwenda, deni imebaki

Mutu anayetoka Uvira kuelekea Bukavu na barabara ya taifa namba 5, mbele hajafika Sange, anapita upande wa Kiliba. Kama hakuna wa kumuambia, atapita tu. Ataona mihogo na mahindi, wamama na mizigo ku kichwa, vijana wanangoja abiria juu ya pikipiki. Hatajua kama pale palikuwa moja ya viwanda vikubwa vya sukari vya inchi yetu, na kama watu walitoka mbali kuja kutafuta kazi pale.

Tunaandika leo juu ya Kiliba kwa sababu moja. Wazee wenye walitumika mu ile sukreri wanaendelea kupunguka. Kila mwaka tunazika wamoja. Wanakwenda na hesabu ya mishahara yao ambayo wanadai tangu miaka mingi, na wanakwenda pia na habari ya mahali pao yote. Tukinyamaza, kiisha miaka kumi hatutakuwa tena na mutu wa kutuelezea. Deni nayo, kifo njo kitakuwa kimeilipa.

Tuanze ku mwanzo. Bonde la Ruzizi, ambalo wenyeji wanaita paka « plene », liko katikati ya milima ya Mitumba na muto Ruzizi unaotutenga na Burundi. Udongo wake ni muzuri, lakini jua ni kali na mvua ni kidogo kuliko ile ya milimani. Wakati wa Wabelgiji, mbele ya miwa kuja, wakaaji wa plene walilimishwa pamba. Hawakuulizwa kama wanapenda. Mutu alipewa kipimo chake cha shamba, na asipolima alijua fimbo ao kifungo vinamungoja. Hii tusiisahau, juu inaonyesha kama shida ya udongo katika bonde letu haikuanza jana.

Ni mu miaka ya 1950 ndipo wazungu waliona jambo lingine. Joto iko, uwanda ni sawa, mito inashuka kutoka milimani na maji yake inaweza kuongozwa kwa mifereji. Muwa hauombi zaidi. Wakapanda miwa, wakasimamisha kiwanda, na Kiliba ya leo ikaanza kukua.

Wengi wanauliza: juu ya nini kiwanda kikubwa vile kiliwekwa kati ya mashamba, si Uvira pembeni ya ziwa, ao Bukavu kwenye wanunuzi? Jibu liko ndani ya muwa wenyewe. Muwa haungoji. Ukisha kukatwa, sukari yake inaanza kuharibika. Inapaswa usagwe ndani ya siku moja ao mbili. Tena muwa ni muzito. Kupata tani moja ya sukari, unahitaji karibu tani kumi ya miwa. Nani atapandisha mizigo kama ile ku kona za Ngomo, kisha Bukavu atupe tisa na kubakia na moja? Kwa hiyo kiwanda kinafuata shamba, na wakataji wanafuata kiwanda. Wakataji nao wana bibi na watoto, na watoto wanahitaji masomo na dawa. Njo vile kambi ya watumishi inageuka kuwa mji mudogo. Watu walishuka kutoka milimani, wengine wakatoka Fizi, wengine Bushi, wengine ng'ambo ya Ruzizi. Kiswahili njo kiliwaunganisha.

Kazi yenyewe haikuwa ya muchezo. Hawapandi mbegu, wanapanda vipande vya muwa ndani ya mufereji, kisha wanangoja mwaka muzima na zaidi. Ikikomaa, mara nyingi wanachoma shamba ili majani yaishe na nyoka zikimbie. Kiisha mukataji anaingia na panga, uso wote mweusi na majivu. Anapaswa kuinama na kukata chini kabisa, juu chini njo kwenye sukari ni nyingi. Shina linachipuka tena, na mwaka unaofuata wanakata tena pale pale. Wakati wa mavuno mashini hazilale usiku. Makapi ya miwa yanachomwa kuchemsha maji, mvuke unazungusha mashini, na kile kinachobakia cheusi na kizito kinaweza kutoa pombe kali. Kwa muwa, ukiwa na akili, hakuna kinachotupwa.

Bonde halikukaa na amani. Mu 1964 uasi ulipanda katika plene, na mwezi wa 5 Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi. Wengi kati yao walikuwa wana wa wakulima, wale wale wenye walichoshwa na pamba na shuruti. Ile vita ilipita. Katika wakati wa Mobutu kiwanda kilitumika, na Leta pia ikawa na hisa zake ndani. Wazee wanapokumbuka ile miaka, hawasemi kama walikuwa matajiri. Wanasema tu: « Mwezi ulikuwa unaisha, unajua kama utakula. » Kwa mutu wa leo, mwenye hajui kama kesho ataamukia nyumbani ao barabarani na godoro ku kichwa, hilo ni neno kubwa.

Kiisha ikaja 1996. Mwezi wa 10 vita iliingia Uvira. Watu wakakimbia, mashini zikasimama. Mbele hatujapumua, vita ingine ikaanza mu 1998. Tangu ile saa Kiliba haikurudia kuwa ile ya zamani. Tulisikia ahadi za kufufua sukreri mara nyingi, kila mara na majina mapya na tarehe mpya. Mengine yalijaribiwa. Lakini mwenye anatembea Kiliba leo anaona kwa macho yake: ule mji wenye uliishi juu ya kiwanda, sasa unaishi juu ya jembe na pikipiki.

Na sukari? Tunaendelea kunywa chai. Sukari ya Uvira na Bukavu inatoka Uganda, inatoka Tanzania, inatoka Zambia. Warundi, majirani wetu wa ng'ambo, wako na kiwanda chao kule Moso. Kongo pia iko na kiwanda Kwilu-Ngongo, chenye kilianza tangu miaka ya 1920, lakini kile kiko Kongo ya Kati, mbali na sisi kuliko Uganda. Kwa hiyo mama wa Kiliba, mwenye baba yake alikata miwa maisha yake yote, ananunua kilo ya sukari kwa makuta ya kigeni, na bei inapanda kila dola inapopanda.

Sasa tuseme wazi wazo letu, juu gazeti lenye linalia tu halisaidie mutu.

Kuna wenye wanasema: miwa ikwende kabisa! Udongo urudie kwa wakulima, walime mihogo, mahindi na mupunga, watu washibe. Hatuwachekeleye, wako na haki. Watoto wenye njaa hawashibi na sukari. Na wameona ubaya wa mji wenye unategemea bwana mumoja: siku bwana anaanguka, wote wanaanguka pamoja naye.

Kuna wengine wanasema: bila kiwanda, vijana watafanya nini? Hawa pia wako na haki. Katika bonde letu, kijana mwenye hana kazi hachelewi kuonyeshwa njia ya pori na bunduki. Jembe peke yake, juu ya kipande kidogo cha udongo chenye ndugu watano wanagombania, halimubakishe mutu nyumbani.

Sisi tunaona kama hizi njia mbili hazipaswe kupigana. Kule Kilombero, Tanzania, na Kakira, Uganda, kiwanda kiko na mashamba yake, lakini pia wakulima wa pembeni wanapanda miwa juu ya udongo wao wenyewe na kuuzisha kiwandani. Mambo haiko mazuri yote kule. Wanalalamika juu ya mizani, juu ya bei, juu ya miwa yenye inakaukia shambani ikingoja lori. Lakini mwenye kulima anabakia mwenye udongo. Akiona muwa haumulipi, anaweza kulima mahindi. Kama siku moja Kiliba itafufuka, isifufuke katika nguo zake za zamani, kampuni ikikamata uwanda wote na mwenyeji akibakia paka na panga ya kutumikia.

Lakini mbele ya kuongea juu ya miwa mipya, kuna mambo ine yenye inaomba hesabu.

Ya kwanza ni wazee. Tunasikia maneno ya kila upande. Leta inasema haina makuta. Wenye kiwanda wanasema vita njo ilibomoa. Kweli, vita ilibomoa. Lakini vita ilibomoa mashini, haikufuta siku zenye watu walitumika. Mutu mwenye alikata miwa mwezi muzima mbele ya vita, ule mwezi ni wake. Tunaomba liste moja, ya wazi, yenye kubandikwa ku ukuta: nani alitumika, miaka ngapi, anadai ngapi, na kama alikufa, mujane ao mutoto gani anasimama pa nafasi yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kama watalipwa kidogo kidogo, waanze na wale wenye hawawezi tena kutembea kufika ofisini.

Ya pili ni mipaka. Shamba la kiwanda linaanzia wapi, linaishia wapi? Leo mukulima analima mahali fulani miaka na miaka, kiisha anakuja mutu na karatasi, anamuambia: toka, hapa ni pa sukreri. Kesho anakuja mwingine na karatasi ingine. Tunaomba Leta, watawala wa kimila na wakaaji watembee pamoja, na mchana, wapande miti ya mipaka kila mutu akiona. Mipaka ya usiku inaleta vita ya mchana.

Ya tatu ni maji na barabara. Tumesema muwa haungoji; tomati pia haingoji, na maziwa haingoji. Mukulima wa plene, akilima muwa ao mupunga, anahitaji mufereji wenye hauzibike na barabara yenye haina kizuizi kila kilomita. Mifereji ikitengenezwa leo, itasaidia chakula leo na itasaidia kiwanda kesho. Hapa hakuna sababu ya kungoja mufanyabiashara kutoka mbali.

Ya ine ni ukumbusho. Mu masomo yetu watoto wanafundishwa majina ya wafalme wa Ubelgiji, lakini mutoto wa Kiliba hajui juu ya nini mahali pao pako vile. Tunaomba walimu wa bonde wawatume wanafunzi kwa wazee na daftari. Muulize babu alikuja mwaka gani, alitokea kijiji gani, alilipwa nini, nani alikuwa rafiki yake mu kambi. Mutaona kama rafiki ya Mufuliiru alikuwa Muvira, na jirani ya Mubembe alikuwa Murundi. Leo, wakati wanasiasa wanatugawanya kwa makabila na vita bado haijatoka kwetu, ile habari ni dawa. Iko na ushuhuda: watu wenye walikula jasho moja na kulala ukuta kwa ukuta.

Hatudanganyi wasomaji wetu. Kufufua kiwanda cha sukari inaomba makuta mengi, umeme, na zaidi ya yote inaomba amani, na hatuna hata moja mukononi. Lakini kuandika liste haiombi amani ya inchi yote. Kupanda miti ya mipaka haiombi mashini kutoka Ulaya. Na mutoto kuketi mbele ya babu yake haiombi ruhusa ya Kinshasa. Tuanze na yenye tunaweza.

Siku hizi mutumishi wa zamani akikufa Kiliba, watu wanakusanyika ku kilio sawa desturi. Moto unawaka, wamama wanachemsha chai, vikombe vinapita mukononi. Mule ndani kuna sukari, na kila mutu anajua haitoki pale. Wazee wanakunywa na kunyamaza. Ile kunyamaza ni maneno, na wale wenye inawaangalia, Kinshasa, Bukavu na ndani ya kampuni, waisikie. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Na wewe musomaji, kama baba yako ao mama yako alitumika Kiliba, leo mangaribi kaa naye, kamata kalamu, uandike. Usingoje siku ya kilio.