Kofia Itoke Kiooni, Ikae Kichwani

Ukisimama pale Rongo, barabara ya Homa Bay inapoachana na ile kuu ya Kisii na Isebania, hebu jaribu kutazama kofia za wahudumu wa bodaboda badala ya pikipiki zao. Utaziona nyingi. Moja imening'inia kwenye kioo cha pembeni, nyingine imelazwa juu ya tangi, nyingine imevishwa kiwiko cha mkono. Mwenyewe akimwona polisi kwa mbali huivaa, akishampita huirudisha mahali pake.

Kwa hiyo kofia tunazo, wananchi wenzangu. Tatizo letu si umaskini wa kofia. Kwa nini basi kitu tulichokinunua kwa pesa zetu wenyewe tukivalie polisi, tusikivalie watoto wetu wanaotungoja nyumbani?

Siulizi ili kumlaumu mtu. Pikipiki imetufaa sana. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wetu wengi walipata kazi, na vijiji ambavyo matatu haifiki vikapata usafiri. Nani huwahisha omena ya Sori na Muhuru Bay sokoni kabla jua halijapanda? Nani humpeleka mama mja mzito kituo cha afya saa nane za usiku kutoka ndani kabisa ya Ndhiwa? Mhudumu wa bodaboda ni mtoto wetu, na kichwa chake ni chetu pia.

Labda wengi hawajui kwamba kofia hii ya pikipiki ilienea kwa sababu ya askari. Mei 1935, T. E. Lawrence, ofisa Mwingereza aliyepata jina katika vita vya Uarabuni, aliwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli karibu na nyumbani kwake Dorset. Pikipiki ikamrusha. Kichwa kilikuwa wazi, na baada ya siku sita akafariki. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, na jambo hilo halikumtoka.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, jeshi la Uingereza lilikuwa na matarishi waliopeleka ujumbe kwa pikipiki, mara nyingi usiku, taa zikiwa zimefunikwa ili ndege za adui zisiwaone. Cairns akakusanya hesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwenye barabara za Uingereza. Hao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa lami. Mwaka 1941 aliandika katika jarida la madaktari kwamba wale wachache waliokuwa na kofia waliumia kidogo zaidi. Novemba mwaka huohuo jeshi likatoa amri: kila askari aliye kazini kwa pikipiki avae kofia.

Askari akiamriwa, huvaa. Raia wa Uingereza wenyewe walingoja hadi 1973 ndipo sheria ikawafikia, kwa hiyo tusijione sisi ndio wagumu wa dunia hii.

Sheria tunayo. Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka anayeendesha pikipiki avae kofia na jaketi yenye kung'aa, abebe abiria mmoja tu, na abiria huyo naye awe na vyake. Mpakani na Tanzania, wenzetu wa upande wa Sirare huita ile tabia ya kubeba abiria zaidi ya mmoja "mishikaki", na wanacheka wakisema hivyo. Nasi tunacheka, kisha tunapanda. Lakini polisi hawezi kusimama kila kona ya njia ya Karungu, ya Macalder, ya Kehancha. Jeshi lina kamanda. Je, bodaboda wa kijijini kamanda wake ni nani?

Naona ni sisi tulio nyumbani. Ni mke anayemfungulia mlango alfajiri, baba aliyeuza ng'ombe ili pikipiki inunuliwe, mwenyekiti wa steji. Zaidi ya wote ni abiria, kwa sababu yeye ndiye mwenye nauli mkononi. Kijana akisema, "Omera, panda twende," mwenye kuamua kama safari itaanza ni wewe. Ukimwambia kwa upole, "Vaa kwanza, nami nipe yangu," atakukatalia kweli?

Hapo kwenye "nipe yangu" ndipo pana kazi. Steji nyingi abiria hana kofia, na hata akipewa, wengi huikataa. Sababu zao nazijua na si za kipuuzi. Mama ametoka kusuka nywele jana, amekaa saa tano kwenye kiti, leo unamtaka azibane. Mwingine anaogopa jasho la mtu wa kabla yake, na mapunye ya kichwani. Mwingine anaona joto la ziwani halivumiliki. Tukizipuuza sababu hizi, kofia itabaki kiooni mpaka mwisho wa dunia.

Sasa jaribu hivi. Mama, weka leso nyepesi kwenye mkoba wako, au ile kofia laini ya plastiki ya kuogea. Jifunge kwanza, ndipo uvae kofia ya mhudumu. Nywele hazitaharibika sana, na jasho la mwenzako halitakugusa. Nawe mhudumu, kila jioni toa kitambaa cha ndani kama kinatoka, kioshe kwa sabuni, kianike kivulini. Usikisugue kwa petroli. Petroli hula lile povu la ndani, nawe hutajua mpaka siku ya kuanguka. Kofia safi ni biashara pia. Abiria wa kike akishajua steji fulani kofia zao hazinuki, utamwona anapita nyingine mbili ili afike hapo.

Tunaouita usalama wa kofia uko wapi hasa? Ganda la nje ni sehemu tu. Ndani yake mna povu jeupe gumu, lilelile linalokuja na televisheni mpya kwenye katoni. Kichwa kikigonga, povu hilo hubonyea badala ya fuvu, na ubongo hupata nafasi ya kusimama polepole. Watafiti waliolinganisha ajali za nchi nyingi walikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Ni faida ya kutosha kwa kitu kinachovaliwa kwa nusu dakika.

Basi kabla ya kununua, ingiza kidole ndani. Povu likiwa halipo, au ni sponji laini tu, hiyo rudisha. Wapo vijana wanaovaa kofia za wachimba dhahabu na mafundi wa ujenzi. Zile zilitengenezwa kumkinga mtu na jiwe linalodondoka kutoka juu, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Barabarani haziwezi. Tafuta alama ya shirika la viwango, KEBS, au ile herufi E ndani ya duara, inayoonyesha kofia imepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Ivae, funga mkanda, kisha ishike kwa nyuma na uivute kuja mbele. Ikitoka, ni kubwa kwako. Mkanda chini ya kidevu uache nafasi ya vidole viwili tu. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka, mwenyewe akafuata.

Nina neno kwa wana wetu walio jeshini, polisi, magereza, na kwa machifu wanaozunguka kwa pikipiki za kazi. Kambini unavaa kila kitu: kofia, glavu, buti. Ukija likizo Awendo au Kendu Bay, unachukua pikipiki ya ndugu yako ukaenda sokoni kichwa wazi na shati limefunguliwa. Twaelewa, umekuja kupumzika. Lakini je, unajua vijana wa kijiji wanakutazama namna gani? Wewe ndiye mtu waliyemwona kwenye gwaride la Jamhuri. Ukivaa kofia kwenda kununua sukari, umefundisha zaidi ya semina nzima, na hukulipwa posho.

Walimu na wazazi, asubuhi wanaoletwa shuleni wawili watatu juu ya pikipiki moja ni watoto wetu. Najua nauli ni ngumu. Hata hivyo, hatuwezi kukaa kikao kimoja cha wazazi tukapanga watoto wa njia moja watembee pamoja na mtu mzima mmoja, na wa mbali tu ndio wapande, mmoja mmoja? Kofia ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita huzunguka kichwani na kumziba macho. Mzazi mwenye uwezo amnunulie ya kipimo chake, kama anavyomnunulia viatu.

Waajiri nao wana nafasi. Kama dukani kwako, kwenye shirika lako au kituo chako cha mafuta kuna mfanyakazi anayetumwa kwa pikipiki, kofia yake iwe sehemu ya vifaa vya kazi, si zawadi ya Krismasi. Na vyama vya wahudumu vinavyochanga kila wiki vingeweza kununua kofia kwa jumla, wanachama wakalipa kidogo kidogo. Tunachanga haraka sana mtu akishalazwa. Kichwa kikiumia vibaya Migori, safari inaweza kuwa ya Kisumu, zaidi ya kilomita 150. Hapo ndipo harambee huitishwa, ng'ombe huuzwa, na watoto hurudishwa nyumbani kwa karo. Zile pesa za harambee, robo yake tu ingetangulia, si ingetosha kofia za steji nzima?

Mengine nitayapitia haraka. Ndara haziwezi kuulinda mguu, viatu vya kufunika vidole vinaweza. Jaketi ya kung'aa iliyopauka haikuonyeshi tena kwa dereva wa trekta la miwa usiku, ibadilishe. Abiria, pandia upande wa kushoto, mbali na bomba la moshi, maana akina mama wengi wana alama za kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia. Ule mwavuli mkubwa wa pikipiki upepo wa ziwani huunyanyua, na mhudumu mwenyewe akishindana nao anasahau barabara.

Ajali ikitokea mbele yako, usikimbilie kumvua majeruhi kofia. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Akiwa anapumua vizuri, mwache nayo, mtu mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, mwingine apige 999 au 112. Asibebwe kwa pikipiki akiwa amekunjwa katikati ya watu wawili kama ilivyo desturi yetu, hata kama nia ni njema. Tafuteni gari ambalo anaweza kulazwa.

Na kofia iliyogonga chini kwa nguvu imemaliza kazi, hata kama ganda halina ufa, kwa sababu povu lake limeshabonyea na halirudi. Usiiuze, usimpe shemeji. Ikate mkanda kwa kisu kabla ya kuitupa, ili asije kijana mwingine akaiokota jalalani akadhani amepata kofia.