Butembo: Shingo ya kijana si mashine ya kupandisha betoni

KAMANGO – Kila mwaka vijana wa usultani wa Watalinga wanakwenda Beni na Butembo kutafuta kazi ya siku, na wengi wanaishia kwenye shantie. Kazi yao inajulikana: kusimama juu ya miti iliyofungwa kwa kamba na misumari, na kupitisha mabeseni ya betoni mkono kwa mkono mpaka etaji ya tatu au ya nne. Betoni haingoji mtu, basi hakuna kupumzika. Akianguka mmoja, mwenye nyumba analipa dawa za siku mbili, na kesho mwingine anasimama pale pale.

Ziko kreni ndogo zinazovutwa na gari zikiwa zimekunjwa. Zikifika zinajisimamisha kwa mota yake zenyewe, mara nyingi kwa siku moja, na mtu mmoja anaziongoza kutoka chini kwa rimoti. Kreni za namna hiyo hazikuanza kwa ajili ya majumba ya Dubai. Mwaka 1949, Ujerumani ikiwa magofu ya vita, mjenzi Hans Liebherr alitengeneza kreni ya kubebeka na kusimamishwa upesi, ili nyumba zilizobomoka zijengwe tena. Kamango, ambayo Julai 2013 ilishambuliwa na ADF na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia Bundibugyo, Uganda, inaelewa haja hiyo.

Wenye majengo wanajibu: "Mashine itanyang'anya vijana kazi." Huruma gani hiyo? Pesa za vioo vya rangi na vigae vya ng'ambo zinapatikana. Za kupandisha betoni ndizo zinakosekana. Ukweli ni kwamba shingo ya kijana ni bei rahisi. Kreni nayo inataka watu: wa kuiendesha, wa kufunga mizigo, wa kuitengeneza. Aliyejifunza hayo ana ufundi. Aliyebeba beseni miaka kumi ana mgongo mbovu tu.

Ni kweli kreni ni ghali, umeme si wa kutegemea, na ikisimamishwa kwenye udongo laini inaweza kuanguka na kuua. Ndiyo maana si lazima kila mtu anunue yake. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaoleta makontena kupitia Mombasa, wanaweza kuungana ndani ya FEC, wakanunua moja na kuikodisha pamoja na fundi aliyefunzwa. Wakati wa kungoja, winchi ndogo ya kamba na mota, kofia ngumu na vizuizi pembeni haviwashindi.

Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Wakaguzi wa kazi watoke ofisini wapande ile miti. Na wanaotia sahihi ruhusa za kujenga etaji waulize kwanza swali moja: betoni itapanda na nini?